Mapumziko ya Pwani Katika Bara Hindi kwa Fedha Kidogo

Leo shikeni daftari na kalamu tangu mwanzo, maana mazungumzo haya yana hesabu ndani yake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni tarakimu hizi uziache hapo mpaka mwisho wa somo: 00:20. Tutazirudia baadaye.

Najua wako watakaocheka. Watasema, "Bwana huyu ana nini? Sisi twajifunza kusoma, naye atuchukua Bara Hindi kustarehe pwani!" Ngojeni kidogo. Kila mwaka watu wa Tanzania na Kenya huenda Bara Hindi kutibiwa, na vijana wetu wengine wanasoma huko. Mgonjwa haendi peke yake. Huenda na mtoto wake, au ndugu yake, au mumewe. Basi baada ya kupasuliwa, aghalabu daktari husema, "Ngojeni siku kumi au wiki mbili, kisha mrudi niwaone." Siku hizo ni ndefu sana. Chumba cha karibu na hospitali ni cha bei, barabara ina honi usiku na mchana, na mgonjwa analala akitazama dari. Wakati huohuo bahari iko mbali kwa safari ya usiku mmoja tu katika treni.

Mimi mwenyewe nilikuwa katika hali hiyo mwezi wa Februari 2024. Nilimpeleka mama yangu Bengaluru, mji mkuu wa jimbo la Karnataka, kutolewa uvimbe wa shingoni. Mama ni mtu wa Pangani. Alipopata nafuu aliniambia, "Mwanangu, nipeleke mahali nisikie maji." Daktari akaruhusu, kwa sharti kwamba kidonda kisipate maji ya chumvi, na kwamba Jumamosi tarehe 10 saa kumi alasiri tuwe mbele yake apate kupima damu na kukata shauri juu ya vidonge. Ndege yetu ya kurudi nyumbani ilikuwa Jumapili usiku. Shikeni tarehe hizo.

Sasa, mahali. Pwani ya magharibi ya Bara Hindi ni ndefu, na watu wengi wakisikia neno pwani hutaja Goa. Goa ni nzuri, lakini fukwe zake nyingi zina muziki na watu wengi, na vitu huuzwa kwa bei ya wageni. Mtu atakaye utulivu yafaa ashuke kusini kidogo, aingie Karnataka. Tulichagua Gokarna. Huu ni mji mdogo wenye hekalu la kale liitwalo Mahabaleshwar, ambalo mahujaji wa Kihindu hulizuru kutoka mbali. Kwa sababu ya mahujaji hao, vyumba na chakula rahisi havikosekani. Nyuma ya mji kuna vilima vya mawe mekundu, na kila ukivuka kilima waona ufuko mwingine: kwanza Kudle, kisha Om, halafu fukwe mbili ndogo ambazo hufikiwa kwa miguu au kwa mashua. Kutoka mjini mpaka Kudle ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mguu. Kadiri unavyokwenda mbali na hekalu ndivyo kelele zinavyopungua.

Lakini kabla ya kuchagua mahali, hapana budi kuchagua wakati. Hapa watu wa pwani watanifahamu upesi. Sote twajua pepo zetu mbili, kaskazi na kusi. Zamani majahazi ya Kihindi yalikuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi. Pepo hizo huvuma huko pia. Kusi kwetu huleta baridi kidogo, lakini ikivuka bahari huchukua mvuke mwingi, na ikigonga milima iliyo nyuma ya pwani ile huangusha mvua kubwa, kuanzia Juni mpaka Septemba. Miezi hiyo bahari huchafuka, mashua hupandishwa mchangani, na vibanda vingi vya ufukoni huvunjwa kabisa mpaka msimu ujao. Basi miezi mizuri ni Novemba mpaka Februari: hewa kavu, jua si kali mno, bahari imetulia.

Hata ndani ya miezi hiyo kuna siku za kuepuka. Krismasi na Mwaka Mpya vyumba hupanda bei. Sikukuu ya Wahindu iitwayo Maha Shivaratri, ambayo huangukia Februari au Machi, hujaza mji wa Gokarna mpaka njiani. Jambo hilo si baya kwa mtu atakaye kuona sherehe, lakini mgonjwa hatapata usingizi. Kadhalika Jumamosi na Jumapili vijana wa Bengaluru huja kwa mabasi mengi. Sisi tulifika Jumatatu asubuhi, wakati wao wanaondoka, na mwenye nyumba akatupa chumba cha watu wawili kwa rupia 900 kwa usiku. Rafiki mmoja aliuliza chumba kilekile kwa siku ya Jumamosi akaambiwa bei nyingine kabisa.

Nimetaja rupia. Wazee wetu waliijua rupia vizuri, maana ilitumika katika nchi zetu kabla ya shilingi kuja. Ukifika huko, siku ya kwanza jiulize rupia 1 ni shilingi ngapi, uandike nyuma ya daftari lako. Tufanye kwa mfano tu kwamba rupia 1 ni shilingi 30 za Tanzania. Chumba cha rupia 900 ni 900 mara 30, yaani shilingi 27,000. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe. Tena angalieni jinsi Wahindi wanavyoandika hesabu kubwa. Sisi tukiandika laki moja na nusu twaweka mkato hivi: 150,000. Wao huweka hivi: 1,50,000. Huo mkato wa kwanza watenga laki. Neno letu laki lilitoka kwao, nao wameendelea kuliandika katika hesabu zao.

Sasa tuje kwenye usafiri, ambako ndiko fedha huokolewa au hupotea. Mtu akitoka Bengaluru kwenda Gokarna kwa taksi hulipa nauli ambayo ingemtosha kula wiki nzima. Kwa treni ya usiku, kitanda cha daraja la kulala lisilo na hewa ya baridi tulikipata kwa chini ya rupia 500 kila mtu. Tena kitanda hicho ni usafiri na malazi pamoja, kwa kuwa huhitaji chumba usiku ule. Reli ya pwani ile yaitwa Reli ya Konkan. Ilifunguliwa yote mwaka 1998, nayo yapita katika mashimo zaidi ya tisini yaliyotobolewa milimani. Stesheni ya kushukia yaitwa Gokarna Road. Msidanganyike na jina. Stesheni iko mbali na mji kwa kilomita kama 10.

Tikiti za vitanda huanza kuuzwa siku 60 kabla ya safari. Zamani zilikuwa siku 120, lakini zilipunguzwa mwezi wa Novemba 2024. Mgeni hupata taabu kidogo kununua kwa intaneti, kwa kuwa mtambo huuliza namba za simu na vitambulisho vya kwao. Njia nyepesi ni kwenda mwenyewe na pasipoti katika ofisi ya kuweka nafasi, kwenye stesheni kubwa. Pale utapewa fomu ndogo. Fomu hiyo yauliza namba ya treni, tarehe, stesheni ya kupandia, stesheni ya kushukia, daraja, kisha jina lako, umri wako, na kama u mwanamume au mwanamke. Ninyi mliokwisha kujaza fomu ya posta katika somo la tisa, hamtashindwa na hiyo.

Ukipewa tikiti, usiikunje ukaitia mfukoni. Isome palepale mbele ya dirisha. Tafuta herufi. Ukiona CNF, maana yake kitanda ni chako kamili. Ukiona RAC, maana yake utapanda, lakini huenda mkakaa watu wawili katika kitanda kimoja cha pembeni mpaka kipatikane kingine. Ukiona WL, huna kitanda. Wewe u katika orodha ya wanaongojea, na orodha ikifungwa bila wewe kupata nafasi usipande behewa la vitanda. Baada ya hapo tafuta namba ya behewa. S1, S2, S3 na kuendelea ni mabehewa ya kulala yenye feni na madirisha ya kufungua. B ni yenye hewa ya baridi na vitanda vitatu kwenda juu. Katika S hupewi shuka wala mto. Sisi tulikuwa na khanga nne, zikatosha.

Halafu kuna namba ya kitanda, na hapo pana hesabu nzuri. Katika behewa la S kila chumba kina vitanda vinane. Cha kwanza na cha nne viko chini. Cha pili na cha tano viko katikati. Cha tatu na cha sita viko juu kabisa. Cha saba ni cha pembeni chini, na cha nane ni cha pembeni juu. Kisha hesabu yaanza tena kwa chumba kinachofuata. Mgonjwa au mzee hawezi kupanda juu. Basi chukua namba ya kitanda, uigawe kwa 8, utazame kinachobaki. Kikibaki 1 au 4, ni kitanda cha chini. Kikibaki 7, ni cha pembeni chini. Mathalan kitanda 33: nane mara nne ni thelathini na mbili, yabaki 1. Mama atalala chini. Kitanda 38 je? Yabaki 6. Hicho ni cha juu kabisa, na hapo mwambie karani mapema, au uombe kwa adabu kubadilishana na kijana ndani ya treni. Sisi tulifanya hivyo, na yule kijana alitikisa kichwa chake huku na huku. Nikadhani amekataa. Kumbe kule kutikisa kichwa namna ile aghalabu ni kukubali.

Tulishuka Gokarna Road asubuhi. Nje ya stesheni kuna bajaji. (Hata jina hili tulilipata kwao, kwa watengenezaji wa Bajaj.) Madereva walitutajia bei ya bajaji nzima. Badala ya kugombana nao, nilingoja familia moja ya mahujaji waliokuwa wakienda mjini, tukagawana nauli. Mtu mwenye afya na mzigo mwepesi aweza kwenda mpaka barabara kuu akapanda basi la serikali, na hilo ndilo rahisi kuliko yote. Mabasi haya huunganisha Gokarna na miji ya Kumta na Ankola. Ndani yake utaona wanawake wa jimbo lile hawalipi nauli. Tangu Juni 2023 serikali ya Karnataka imewaruhusu kusafiri bure katika mabasi ya kawaida kwa kuonyesha kitambulisho cha jimbo. Mwanamke mgeni hulipa, naye asione haya, wala kondakta hamdhulumu.

Hapa nataka kusema jambo moja lililonipata. Kwenye stesheni za reli, jina la mahali huandikwa kwa maandishi ya namna tatu, na namna moja ni herufi hizi zetu. Lakini basi la shamba aghalabu lina kibao cha maandishi ya Kikannada tu, na hata tarakimu huwa zao. Nilisimama kituoni Kumta mbele ya mabasi matano, mimi mwenye stashahada ya chuo kikuu, nisijue hata moja lilikuwa likienda wapi. Mama alinitazama. Yeye alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini, katika darasa kama lenu. Akaniambia, "Sasa umeonja." Kisha akamwendea mwanamke mmoja mwenye kikapu cha samaki, akasema tu, "Gokarna?" Yule akatuonyesha kwa kidevu. Tangu siku hiyo nilimwomba mwenye nyumba wetu aandike kwa Kikannada, katika kipande cha karatasi, majina ya mahali tuendapo. Karatasi hiyo ilitufaa kuliko simu yangu, ambayo moto wake ulikwisha kila jioni.

Juu ya chumba nitasema machache. Mgeni yeyote akilala katika nyumba ya wageni, mwenye nyumba hana budi kupeleka habari zake serikalini ndani ya saa 24. Kwa hiyo atataka kuona pasipoti na viza. Baadhi ya nyumba ndogo hazipendi kazi hiyo na hukataa wageni wa nje. Usione umebaguliwa, uliza nyumba ya pili. Usilipe siku zote mara moja. Lipa usiku mmoja, usikilize usiku huo kuna kelele gani, ndipo ukubali zaidi. Chumba chetu cha kwanza kilikuwa juu ya mtambo wa kusukuma maji. Tulihama asubuhi.

Chakula si taabu kwetu. Chapati mwaijua. Asubuhi wanakula idli, ambazo ni kama vitumbua vyeupe vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke bila mafuta, pamoja na mchuzi wa dengu. Mchana kuna wali kwenye sahani au jani la mgomba, na mara nyingi mgawaji hurudi kukuongeza. Mjini, karibu na hekalu, vyakula vingi havina nyama wala samaki. Samaki hupatikana ufukoni, na zaidi Tadadi, kijiji cha wavuvi kilicho karibu. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Madafu yapo tele.

Na siku za mapumziko zenyewe je? Hatukufanya lolote kubwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Asubuhi tulitembea polepole. Siku moja tulipanda basi mpaka Tadadi, tukipita mashamba ya chumvi ya Sanikatta, ambako maji ya bahari huachwa yakauke juani kama wanavyofanya wenzetu wa pwani. Pale Tadadi kuna mashua ya kuvusha watu mtoni kwenda Aghanashini. Nauli yake ni ndogo, na mto ni mpana na shwari. Jioni mama alikaa mchangani chini ya mivinje, miguu majini, shingo kavu kama alivyoagizwa. Siku ya kwanza alishtuka sana. Alisema, "Jua linazama baharini!" Kwetu jua huchomoza baharini na kuzama bara. Kule pwani inatazama magharibi, yaani inatutazama sisi. Alikaa akitazama upande wa Pangani mpaka giza likaingia.

Kuogelea ni jambo la kuangalia. Bahari ile ina mikondo inayovuta nje, na watu wamekufa maji kwenye fukwe hizo, hasa vijana wanaoingia usiku au wakati wa mvua. Waulize wavuvi au walinzi wa ufuko mahali pa salama. Usijivune kwamba ulizaliwa pwani. Uliizaliwa pwani yako, na miamba yake ndiyo uijuayo.

Sasa turudi ubaoni. Mwalimu, waonyeshe wanafunzi zile tarakimu: 00:20.

Reli ya Bara Hindi huandika saa kuanzia 00 mpaka 23, wakianza kuhesabu usiku wa manane. Sisi twaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapokuchwa. Basi twahitaji kugeuza. Kanuni ni hii. Tarakimu ya saa ikiwa kati ya 0 na 6, ongeza 6. Ikiwa kati ya 7 na 18, toa 6. Ikiwa kati ya 19 na 23, toa 18. Tujaribu. 05:10, ongeza 6: saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. 17:30, toa 6: saa kumi na moja na nusu jioni. 21:40, toa 18: saa tatu na dakika arobaini usiku. Na 00:20, ongeza 6: saa sita na dakika ishirini usiku.

Kanuni hiyo niliijua vyema. Lililonishinda ni tarehe.

Treni ya kurudi moja kwa moja Bengaluru ilikuwa imejaa, kwa sababu nilichelewa kununua. Karani akanishauri nichukue treni ya kwenda Mangaluru, kusini, kisha basi la kutoka hapo. Nikaandika kwenye fomu: tarehe 9 Februari, Ijumaa, 00:20. Nikahesabu hivi: Ijumaa tutashinda ufukoni, usiku saa sita tutapanda, alfajiri Mangaluru, Jumamosi saa nane mchana Bengaluru, saa kumi kwa daktari. Nilibana hesabu kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba fupi.

Mama alichukua tikiti ile akaisoma kwa kidole. Akauliza, "Mwanangu, mbona hapa wameandika sifuri mbili? Si ndiyo kusema siku haijatembea hata saa moja?" Nikamjibu, "Ni saa sita ya usiku wa Ijumaa, mama, usihangaike." Akasema, "Haya, wewe ndiwe uliyesoma."

Ijumaa saa tano usiku tulikuwa stesheni, mizigo tayari. Taa chache, mbwa wawili, hakuna abiria. Nikampa stesheni masta tikiti. Aliitazama, akanitazama mimi, akamtazama mama mwenye bandeji shingoni. Akachukua penseli akachora mstari katika karatasi. Upande mmoja akaandika 23:59, Thursday. Upande wa pili akaandika 00:00, Friday. Treni yetu ilikuwa imepita usiku uliotangulia, dakika ishirini tu baada ya Ijumaa kuanza. Wakati huo sisi tulikuwa tumelala chumbani, na vitanda vyetu viwili vilikwenda Mangaluru vitupu.

Jambo lililoniuma ni hili. Mababu zetu wa pwani huhesabu siku kuanza jua linapokuchwa, nao usiku ule wangeuita usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa hesabu yao tusingekosea hata kidogo. Na mama alikuwa amekwisha kuliona kosa kwa kidole chake, mimi nikamnyamazisha.

Tulilala kwenye viti vya stesheni mpaka alfajiri. Kisha bajaji mpaka barabara kuu namba 66, basi mpaka Kumta, basi jingine mpaka Mangaluru, na kutoka hapo basi la kupanda milima mpaka Bengaluru. Tulifika Jumamosi usiku, miguu ya mama imevimba. Daktari alikuwa amekwenda zake, na Jumapili hakuja. Alimwona Jumatatu. Namshukuru Mungu kidonda kilikuwa kizuri, lakini damu yake ilionyesha upungufu, na vidonge vyake vikaongezwa. Kama tungepanda ndege Jumapili bila kuonwa, angerudi nyumbani na kipimo kisichomtosha. Kubadili tikiti za ndege kulinigharimu fedha nyingi kuliko siku zote za Gokarna pamoja, nauli na chumba na samaki wote tuliokula.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tikiti yoyote iliyoandikwa saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, ichukue kalamu uandike pembeni yake kwa mkono wako: natoka nyumbani jioni ya siku fulani. Andika jina la siku iliyotangulia. Tena acha siku nzima iwe wazi kati ya kurudi kwako na kazi yoyote isiyoweza kungoja. Na ukipotewa na njia katika reli, piga simu namba 139. Hiyo ndiyo namba ya msaada ya reli kwa nchi nzima.

Mwalimu, sasa wape wanafunzi dakika kumi wafanye mazoezi haya katika daftari. Wakae wawili wawili, na mmoja amsikilize mwenzake.

La kwanza. Geuza saa hizi ziwe saa zetu: 03:15, 12:00, 19:05, 23:50.

La pili. Umepewa kitanda namba 44 katika behewa S5. Je, mama yako mgonjwa aweza kulala hapo bila kupanda?

La tatu. Chumba ni rupia 750 kwa usiku, nanyi mtalala usiku nne. Rupia 1 ni shilingi 30. Mtalipa shilingi ngapi?

La nne. Treni yaondoka 00:45, Jumatano tarehe 12. Je, utafunga mizigo na kutoka katika nyumba ya wageni jioni ya siku gani, tarehe ngapi? Atakayemaliza kwanza asiseme kwa sauti. Amwachie jirani yake asome kwa kidole chake mwenyewe.

Majibu tutayasoma Alhamisi, saa ileile. Kwaherini.